Dawa ya Deni

Mke wangu Marlys aligombea kiti kimoja katika bodi ya shule
kwa ajili ya trei ya viazi.

Miaka ishirini na miwili alishika upawa jikoni pale,
akijua nani hali karoti, nani huficha mkate mfukoni
ampelekee mdogo wake. Kisha bodi ikapitisha azimio:
mtoto mwenye deni la chakula asipewe cha moto.
Trei ivutwe mkononi mwake, imwagwe pipani mbele ya wenzake,
naye apewe mkate baridi, kipande kimoja cha jibini katikati.
Siku ya kwanza ikamwangukia Colton, wa darasa la pili.
Marlys alimwaga. Ndiyo, kwa mkono wake.
Akarudi nyumbani, akavua aproni, hakuivaa tena.

Mimi nilimtengenezea mabango. Mbao za banda la kuku la zamani,
rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango wa gereji.
RAUTIO, niliandika, na O ya mwisho ikabanwa ukingoni
kama abiria aliyechelewa.

Oktoba nzima alibisha hodi
katika mji wetu wa machimbo, kaskazini mwa Minesota,
ambako mgodi umefungwa na kila nyumba huwasha taa moja.
Alimkumbusha kila mtu tumbo lake:
"Wewe Lorraine, mchuzi ulikuwa ukiomba mara mbili."
Wengine walicheka, wakampa kahawa.
Mmoja alitaja kodi. Mmoja alisema, wazazi wajifunze kulipa.
Mbwa wa akina Skalko alimrarua soksi.

Mpinzani wake, Duane Zupan, muuza magari,
si mtu mbaya. Aliwahi kunivuta kutoka mtaroni
usiku wa manane, asitake hata senti.
Kwenye mdahalo, ukumbi wa mpira wa kikapu,
dakika mbili mbili, kisha kengele,
Duane alikuja na chati.
Marlys alikuja na trei. Tupu.
Akaiinua, akasimama kimya mpaka kengele ikalia.
Nilidhani ameharibu. Nyuma yangu mtu alikuwa akipenga kamasi.

Siku ya kura theluji ilianza kabla ya mapambazuko.
Mimi ndiye dereva wa gari la kusukuma theluji.
Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani
nikifungua njia ya kituo cha kura:
njia ya Lorraine, njia ya akina Skalko,
njia ya Duane mwenyewe, akanipungia mkono.
Nitapiga jioni, nilijiambia. Kisha: bado kidogo.
Kisha kilima cha kanisani kikaziba tena.
Na, niseme kweli, kulikuwa na supu pale kituo cha mafuta,
nikakaa. Kura moja ni punje,
na punje nani anaihesabu?
Saa mbili na dakika nne usiku nilimkuta Bi Ostby anafunga mlango.
Alinitazama kupitia kioo. Akatikisa kichwa.

Marlys, mia tatu na kumi na nane.
Duane, mia tatu na kumi na nane.
Wakahesabu upya. Kibaba na kibaba, sawasawa.

Sheria inasema, wakilingana, bahati iamue.
Vikaratasi viwili ndani ya bakuli kutoka jikoni mwa shule,
bakuli alilolisugua Marlys miaka yote ile.
Bi Ostby akafumba macho, akatoa kimoja.
Duane hata hakutabasamu.

Njiani hakusema neno. Wala mimi.
Nilipanga kumwambia asubuhi, nikapanga Jumapili.
Lakini orodha ya waliopiga kura haifichwi,
na Jumatano aliniomba gari, aende mjini mara moja.

Jioni nilirudi, vidole vimekufa ganzi.
Nyumba ilinukia viazi, vitunguu, siagi.
Yeye alikuwa ameshaanza kula.
Mbele ya kiti changu, juu ya trei,
mkate baridi,
kipande kimoja cha jibini katikati.

Nikavua kofia. Nikaketi. Nikaula wote.