Kina cha Tangi la Mtumba

Boti nne zitakwenda bahari kuu kutafuta jodari,
na sisi watano, tusiojua hata kuogelea,
tumeketi Mtumba, chumba namba kumi na saba,
kuzichagulia macho.

Nje upepo wa Agosti unasukuma vumbi jekundu
mpaka chini ya mlango. Mezani mashine tatu,
kila moja na barua yake ya bei, nakala mbili, muhuri.

Mwenyekiti wetu, Bwana Chidawali, anasoma kwa sauti:
"Kipima kina, kilohezi hamsini na mia mbili."
Anatua. "Nani anajua maana yake?"

Anayejua yuko kwenye simu. Kapteni Mwinyimvua, Kilindoni,
sauti inakatikakatika:
"Hamsini inafika mbali, lakini inaona kwa ukungu,
kama mtu aliyesahau miwani.
Mia mbili inamwona hata dagaa mmoja, ila haifiki chini.
Na jodari hakai sebuleni, mama. Nipe zote mbili."

Naandika: zote mbili.

Baba yangu hakuwa na kilohezi.
Kule Bahi, pungufu kidogo tu ya bahari,
kabla ya kumteremsha mtu kisimani
alidondosha jiwe, akafumba macho,
akahesabu kwa Kigogo mpaka maji yajibu.
Mwaka mmoja alihesabu, akahesabu,
akafumbua macho,
akatutuma kwa jirani na madumu.

Ombeni, fundi wa kampuni ya kwanza, alitaka tuone kwa macho.
Bahari hatuna. Akapitisha waya dirishani,
akapanda mnara, akazamisha kihisio chenye umbo la pasi
katika lita elfu tano za maji ya boza.
Kioo kikawaka:
Kina, mita moja nukta sita. Samaki, hakuna.
Ramani nayo ikajifungua, ikatutafuta angani,
ikatukuta: mashua ndogo nyeusi
peke yake katikati ya rangi ya njano,
na king'ora juu yake: UMEPANDA NCHI KAVU.
"Hata sisi tunajua," akasema Bi Mazoya wa fedha,
na kwa mara ya kwanza wiki ile kamati ikacheka.

Mchana waliletwa perege wa Mtera, wa kukaanga.
Mashine ya bei ya chini ndiyo ilikuwa karibu nami,
kioo kitupu, bila kifungo hata kimoja,
laini kama simu ya bosi.
Nilitaka kuikuza ramani. Nikaigusa
kwa kidole chenye mafuta na gamba.
Haikunijua.
Nikagusa tena. Ikaruka mpaka Madagaska.
Ndipo nikalikumbuka swali la Kapteni
ambalo halikuwa na nafasi kwenye fomu:
"Ina vifungo? Maana mikono yetu, mama,
ikishalowa Jumatatu, hukauka nyumbani."

"Vifungo," nikasema.
Mwenyekiti akatazama jedwali.
"Havina alama. Bei ina alama arobaini."
Tulibishana mpaka chai. Tukabishana baada ya chai.
Bi Mazoya hakusema neno. Alichovya kidole kwenye glasi yake,
akakigusisha kiooni, mara tatu, polepole,
kisha akajifuta kwenye kitenge
akaomba kikao kiahirishwe.

Saa kumi na moja. Wameondoka, kura ni kesho.
Ombeni kasahau kuzima ya kwake;
waya bado unaning'inia tangini.
Nimebaki nayo.
Moja nukta sita.
Moja nukta tano.
Chini kuna mtu kafungua bomba,
anaosha magari yaliyotoka safari ya Singida.
Boza linarudi Alhamisi.
Mashine inatuma sauti chini, inangoja,
inaniambia ilichosikia, haitii chumvi.
Moja nukta nne.
Namsikia dereva anapiga mluzi, ndoo inajaa.

Nimefumba macho. Nahesabu.