Vimashavu

Zawena amerudi kazini leo.
Likizo ya uzazi imekwisha,
akavaa sketi niliyoiachia inchi mbili kiunoni,
akambusu mtoto mara tatu, akafika getini,
akarudi, mara ya nne.
"Usimpe chai," akasema. "Wala biskuti."
Nikabaki na cherehani, na gauni la harusi la mtu,
na Tunu: miezi tisa, meno mawili na nusu.

Ndizi nilizinunua jana Mabibo,
chane la mwisho, maganda meusi kama viatu vya shule.
Muuzaji alishalitenga kwa ajili ya mbuzi.
"Hizo zimelala," akanionya.
Nikamwambia kwetu Buza kuna mtu atazipenda hivyo hivyo,
maana yeye mwenyewe halali.

Ndizi mbili, uma mmoja. Naponda
mpaka ziache ubishi.
Yai moja, la kuku wa Mama Chausiku
anayetagia kwenye kapu langu la vitambaa
(na mwenyewe huja kulidai kila moja).
Unga wa mtama, vijiko vitatu vya kukadiria.
Mimi fundi, kukadiria sikuamini,
lakini futi haipimi rojo.
Mdalasini, ncha ya kisu tu.

Simu. Mama mkwe, kutoka Kimanzichana.
"Sukari umeweka?"
Sijaweka, mama.
"Japo chembe."
Nesi wa kliniki amekataza.
Kimya kirefu, salio linaungua.
"Nyie mlikula, na mko hai."
Nikapitisha ulimi kwenye pengo la gego langu,
sikujibu.

Kikaango. Mafuta kidogo,
kama mate ya kulambia uzi.
Cha kwanza kiliungua, nilikuwa natafuta kifungo.
Cha pili kilivunjika mgongo nilipokigeuza.
Cha tatu sikisemi.
Nikapunguza moto. Kumbe siri ndiyo hiyo,
moto wa mtu asiye na haraka,
na mwenye gauni anakuja saa kumi.
Cha nne kikatoka duara, kahawia ukingoni
kama pindo lililopigwa pasi.

Hidaya, miaka minne, kidevu juu ya meza:
"Baba, hiki nini?"
Si kitumbua. Si andazi, hakikuumuka.
Kaimati nayo ina shira.
Akakibonyeza. Akaenda kubonyeza shavu la mdogo wake.
Akarudi kubonyeza tena, apate uhakika.
"Ni vimashavu," akatoa hukumu.

Nikavipoza. Kimoja nikakikata vipande virefu,
unene wa kidole, ngumi ipate pa kushika
na mdomo upate pa kuanzia.
Nikamketisha wima, nikakaa mbele yake,
cherehani nikaifunika.

Alikitazama kipande
kama mteja anayeletewa nguo asiyoagiza.
Akakibana, kikamtokea katikati ya vidole.
Akatupa. Paka akashukuru.
Cha pili akakibandika ukutani.
Cha tatu kilikwenda nyweleni, akakisahau huko.
Cha nne kikaingia.
Akaacha kupumua kidogo, macho kwenye dari,
kisha nikayasikia meno mawili na nusu
yakianza kazi.
Akanyoosha mkono. "Mm!"
Oda yangu ya kwanza leo, na haina deni.

Saa saba Zawena akapiga,
sauti ya mtu aliyejificha chooni.
"Amekula?"
Nikatazama sakafu. Nikatazama ukuta,
paka, gauni lenye alama ya mkono mdogo ubavuni.
"Amekula."
"Vingapi?"
"Viwili."
Hidaya, aliyekula saba, akaangalia pembeni.
Nikasikia upande wa pili mtu akivuta kamasi,
bomba la maji likifunguliwa, likifungwa.
"Niwekee kimoja," akasema.

Sahani ilikuwa tupu.
Nikasema sawa,
nikanyoosha mkono kwenye ndizi ya mwisho,
nikampigia kelele kuku.