Pembeni mwa Rejista

Mchwa wameanza na mwaka wa hamsini na saba.
Wamekula wavulana wote wa darasa la pili,
wakaacha alama za tabia njema.
Ndiyo maana prefe amenipa ufunguo wa stoo
na daftari la jalada gumu:
"Nakili, mama Cibalonza, shule isije ikawa vumbi."

Basi nanakili.

Hapa mlimani Kadutu Padri Verhulle
alisimamisha paa kwanza, kuta zikafuata;
mvua ya Bukavu haimsubiri fundi.
Ada ilikuwa kuku, au siku tatu za kupandisha mchanga kutoka ziwani.
Wino wake mweusi, herufi zimeinama
kama watu wanaopanda na mzigo.
Bonifasi. Desideri. Leonsi.
Watakatifu watupu, wavulana watupu.

Sitini na nane, ukurasa wa kumi na nne,
nje ya mstari mwekundu,
kwa penseli:
Nsimire, binti wa mpishi.

Hana namba. Hana jina la ubatizo.
Padri alikuwa akingoja barua ya askofu,
na penseli hufutika.

Mama hakunisimulia mengi.
Alisema choo cha wasichana hakikuwepo,
kila mapumziko alishuka hadi kwa masista
akarudi anahema, hesabu imeshafika katikati;
ndiyo maana, hadi anakufa,
aliweza kumaliza mlinganyo, kuuanza hakuweza.

Barua ilifika, na baraka tatu na aya moja ya mashaka.
Mwaka uliofuata wakaja kumi na mmoja,
hao wakapewa namba, wino, na benchi la nyuma.

Kisha wino unageuka bluu.
Shule ni ya serikali. Msalaba umeshushwa,
msumari umebaki kazini, unashika kalenda ya bia.
Mkono nisioujua umepiga mstari juu ya kila mtakatifu:
Gaudensi hayupo, yupo Mugangu;
Verediana amerudi kuwa M'Rhuhuma.
Nsimire peke yake
hakuwa na la kufutwa.

Tisini na sita hakuna rejista.
Kuna kipande cha katoni:
"Tatu A, familia tisa. Tatu B, familia kumi na mbili, mjamzito mmoja."
Madawati yaliivisha maharage ya watu hao
na hakuna aliyeandika deni.
Mwalimu Bisharhwa aliyakusanya majivu,
akayachuja, akafundisha kemia:
angalieni, hapa kuna chumvi.

Leo wasichana ni mia mbili na kumi, wavulana pungufu kidogo.
Choo kipo, kufuli lake limepotea.
Minervali huja kwa mafungu, mara nyingine kwa sambaza,
nami huandika samaki kwenye safu ya faranga.

Ukurasa wa kumi na nne niliuruka.
Nimeurudia jioni hii.
"Mwingize ndani tu," prefe amesema, "mpe namba, nani atajua?"

Nimechonga penseli.
Nimemweka palepale, nje ya mstari,
nikakandamiza mpaka ncha ikavunjika
na jina likachimba karatasi tatu za chini yake;
ukipitisha kidole juu ya wavulana wa sitini na tisa
utamgusa.

Mtoto anabisha. Anaomba chaki.