Bakuli Lenye Tundu

Kipindi cha tatu, skuli ya wasichana, Ibra.
Ubaoni nilichora mitungi miwili,
mmoja juu, mmoja chini, mchirizi wa chaki baina yao.
"Hivi ndivyo walivyopima maneno Athene," nikasema.
"Mshitaki husema hadi maji yaishe.
Yakiisha hukaa kitako, hata kama mbuzi wake
bado yuko nusu njia ya kuibiwa."
Akacheka mmoja. Waliobaki wakapiga miayo
kwa adabu, nyuma ya mitandio.

Nilikwisha kuwapa baraza la watu mia tano,
kura ya maharage,
vigae vilivyokwaruzwa majina
ya watu wa kufukuzwa mjini miaka kumi.
Niliwapa soko lao, zeituni, vitunguu, mkate wa shayiri.
Yote yaliingia sikio hili
yakatokea dirishani, kwenye joto.

Ndipo Zuwaina binti Humaid, safu ya nyuma,
asiyenena kitu tangu Shaabani,
akafungua mfuko wa duka la nguo,
akatoa bakuli la shaba.
Jembamba. Jeusi kitakoni.
Katikati, tundu:
sindano ya kofia ingepita, ya gunia isingepita.
"La babu," akasema. "La falaji yetu."

Tukaazima beseni kwa mpika chai.
Bakuli likaelea, likanywa polepole
kama mgonjwa anywavyo uji,
likazama.
"Hiyo moja. Zikifika idadi yake, ni athari.
Athari yako ikiisha unaziba kwako,
unamfungulia jirani, hata mtende wako ukilia."

Athari!
Kwao ni nusu saa ya maji ya mfereji.
Kwetu Chake Chake ni alama inayobaki
mtu akishapita.
Nikanyamaza na neno langu.

Darasa likaamka. Wakataka mahakama.
Wakachaguana kwa kokwa za tende,
Thuraya akaitetea Athene kwa bakuli moja:
wananchi wote, mkono juu, hakuna mfalme.
Likazama kabla hajafika kwenye "lakini".
Ghaniya akasimama na hiyo "lakini":
mke hakuhesabiwa. Mtumwa hakuhesabiwa.
Mgeni alilipa kodi, akasikiliza.

"Basi mwalimu," Zuwaina akanitazama,
"wewe ungepewa mabakuli mangapi?"

Mwanamke. Mzaliwa wa ng'ambo.
Mtu ambaye bado anahesabu chenji
kimoyomoyo, kwa Kiswahili.
"Hata tone."

Akafikiri. Akasema shangazi yake
ana athari mbili za urithi, halali, zimo daftarini,
lakini siku ya mnada wa maji
anayenyanyua mkono ni mumewe.
Kisha, kwa sauti ya kuokota kitu sakafuni:
"Na aliyekesha akilitazama bakuli hili
asije akasinzia akamdhulumu mtu,
yeye daftarini hayumo.
Babu humwita yule mtumishi, basi.
Alikuwa akihesabu kwa lugha yao.
Babu anakumbuka mlio tu, maana haijui:
moya, mbiri, tatu."

Bakuli lilikuwa linaelea, zamu yangu.
Maji yanapanda.

Nikawaambia jambo nililolisahau tangu asubuhi:
kule Athene, karani aliposimama kusoma ushahidi,
maji yalizibwa.
Ushahidi haukuliwa na saa.

Zuwaina akatia kidole tunduni.

"Nne," nikasema. "Tano. Sita."
Miaka kumi na mmoja ninafundisha katika chumba kile,
na hii ndiyo mara ya kwanza kuta zake kuisikia lugha yangu.
"Saba. Nane."
Hakuna aliyecheka. Ghaniya alikuwa akinifuata
kwa midomo, bila sauti.
"Tisa."

Kengele ikalia.
Mwalimu wa hesabu alikuwa mlangoni na rula yake ndefu,
anatazama beseni, anatazama saa ya ukutani,
na kidole cha mtoto kimo majini bado,
kimeshaanza kukunjamana.