Kombo

Alikuja na mji ndani ya sanduku la kioo,
akautua juu ya meza ya walimu, skuli ya Micheweni,
akachomeka waya, mji ukawaka:
mrefu, mwembamba, umenyooka kama uzi wa fundi,
hauna kichochoro, hauna kibaraza,
watu wake wadogo kuliko punje za mtama,
weupe wote, wote wanaelekea upande mmoja.

"Nimejenga jangwani," akasema mhandisi,
"mchanga mtupu, hata nzi hapiti.
Na hapa napo jangwa, ila lenu la mawe."

Ukumbi ukakohoa.
Mama yangu, Mize binti Shaame,
vumbi la kokoto limemganda mpaka kwenye kope,
akauliza kama mtu anayeuliza bei:
"Jangwa ndiyo nini?"
Mkalimani akalisaka neno, akasema:
pahala pasipoota kitu.
Mama akacheka hata kanga ikamteleza.

Kwani sisi udongo twauhesabu kwa kofi.
Jiwe lina tundu, tundu lina kofi moja la udongo,
kofi lina mbegu tatu: moja ya ndege,
moja ya mdudu, moja yetu.
Mtama wa mama haupandwi kwa mistari,
huota pale jiwe lilipokubali.
Apitaye kwa gari haoni shamba.
Aona maweni, magugu,
na mwanamke ameinama, hajui anaokota nini.

Nikapata kazi. Sisemi uongo, nilifurahi:
buti, kofia ya njano, malipo kila Alhamisi.
Mimi ndiye mshika fimbo,
ile ya mapande mekundu na meupe.
Yeye hufumba jicho moja nyuma ya darubini,
hunipungia mkono: kushoto, kushoto, basi.
Nagonga kigingi, nakipaka rangi, twasogea.
Alipoambiwa maana ya jina langu
alishika tumbo kwa kicheko:
"Kombo! Na ndiye anayeninyooshea mji!"

Kigingi cha thelathini na saba
kikaja kuangukia kwetu:
rundo la kokoto, ndoo mia nne na kumi na mbili,
na nyuma ya rundo, Raya, mdogo wangu,
aliyekaa duniani siku sita;
jiwe kichwani, jiwe miguuni,
mbaazi zimejiotea kando yake.
Kwenye ramani pameandikwa: Bustani ya Pili.

Mama hakuinua uso.
Nyundo yake ko, ko, ko, kama siku zote.
Hakunisihi.
Angenisihi, labda ningekataa.

Nikailaza fimbo. Kidogo,
kadiri ya mtu aliyechoka
anapohamisha uzito toka mguu huu kwenda huu.
Kichwa cha fimbo ndani ya darubini,
mguu wake ng'ambo ya Raya.
Jicho likafumbwa. Mkono ukapungwa: basi.
Nikagonga.

Na vigingi vyote baada ya hicho
vikafuata kimya kimya,
kama maamuma nyuma ya imamu aliyekosea kibla.

Sasa mji umesimama, nusu yake,
nusu nyingine yangali vyuma na madeni.
Vioo vyake vyatutia jua machoni tangu alfajiri.
Wageni wakifika pale ukuta unapopinda
huambiwa ni ufundi, ati kuipisha kusi.
Mhandisi alipiga hesabu mara tisa,
kompyuta ikamjibu mara tisa kwamba mstari umenyooka.
Akaondoka na sanduku lake,
sijui jangwa gani limempokea.

Mama hajaniuliza neno.
Ila mwaka jana, mwezi wa mbaazi,
alinitilia sahani, tui zito, akaisukuma kwangu,
akarudi kwenye nyundo yake.
"Kula, Kombo," akasema. "Hizi za jangwani."