Kitufe, Kitufe

Nyanzobe wa Isevya ana simu inayosema.
Anapitisha kidole kwenye video ya ufugaji nyuki,
nayo inamjibu: kitufe. Kitufe. Kitufe.
Cha kuwasha? Cha kuzima? Haisemi.
Anabahatisha, kama mgeni anayegonga milango
ya nyumba ya kupanga, usiku, umeme umekatika.

Mara bwana nyuki anaanza:
"Sasa, kama mnavyoona, unashika hivi,
unageuza hivi, halafu unaweka hapa."
Nyanzobe anacheka hadi machozi.
Hivi vipi? Hapa wapi?

Mhoja, kaka yake, kiziwi tangu surua, anaona yote:
moshi, mzinga, mkono usio na glavu,
na mdomo wa bwana nyuki ukienda, ukienda,
kama wa samaki aliyetolewa bwawa la Igombe.

Video ile niliipandisha mimi,
kwa elfu tano ya chama,
nikadhani kazi imekwisha.

Usiku ule sikufunga stesheni.
Niliandika kila neno chini ya picha,
hata "nyuki wanavuma kwa hasira".
Palipokuwa na "hivi" nikatia sauti yangu:
kwa mkono wa kushoto, kifuniko kitazame chini.
Kila kitufe nikakipa jina.

Asubuhi walikaa benchi moja, simu moja,
huyu akisoma, huyu akisikiliza.
Wakafika mwisho pamoja.
Kisha Mhoja akashika kiganja cha dada yake,
akachora humo kwa vidole,
na Nyanzobe akanigeukia:
"Tumekubaliana. Bwana nyuki kakosea.
Asali ile ilikuwa haijaiva."