Mnato

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mablanketi, Leiden,
kila Januari shira ilikataa kutoka guduliani.
Kijiko kilisimama wima ndani yake,
na mama akasema: baridi hugandisha kila kitu,
hata ulimi wako, Jurriaan.
Alitania tu. Kigugumizi nilikuwa nacho hata Julai.
Herufi za midomo zilinifungia mlango;
jina la mtaa wetu nililifikia kwa kuzunguka.

Basi nilipoingia maabara, mwanagenzi wa miaka kumi na sita,
koti la buluu likinipwaya mabegani,
niliamini najua jambo moja la fizikia:
kipoacho hunata.

Bibi Stapert hakubisha.
Alinipa kiti kisicholia.

Kifaa chenyewe mtu angekidharau:
sahani ya kioo, upana wa kiganja cha mtoto,
imening'inia kwa uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele.
Ukiizungusha kidogo ukaiacha, huenda, hurudi,
huenda tena, kila mara pungufu,
maana gesi iliyoizunguka inaishika pindo.
Kijioo juu ya uzi hutupa doa la mwanga
kwenye rula ndefu ukutani.
Kazi yangu ni kusoma doa lilipofika
kabla halijageuka. Kwa sauti. Bila kukosa.

Kwa sauti, Bibi? nilitaka kuuliza.
Mdomo ulibaki wazi.

Mchana tulipima heli katika joto la chumba.
Sahani ilichoka upesi, kama mgeni asiyependa karamu.

Usiku ikaletwa haidrojeni, maji maji, isiyo na rangi,
ikichemka katika chupa ya kuta mbili
kwenye digrii mia mbili hamsini na tatu chini ya sifuri.
Tulivua viatu, sababu ya misumari;
cheche moja tu, na Leiden ingetusikia.
Tulisimama na soksi za sufu kwenye sakafu ya mawe.
Kengele ya kanisa ikapiga saa saba.
Tukangoja hadi uzi usahau kengele.

Kisha akaiachia.

Nilingoja shira. Nilingoja kijiko kilichosimama.
Doa likaenda, likarudi, likaenda,
likarudi karibu palepale lilipotoka,
na mimi nikasoma, nikasoma, namba juu ya namba,
nusu saa nzima, na hakuna hata moja iliyonikwama kooni.
Bibi aliandika bila kuinua kichwa.

Shira hushikana mikono, alisema baadaye.
Chembe za gesi hazishikani. Zinapishana tu,
kila moja ikibeba mwendo wa huku kuupeleka kule,
kama wambea wa sokoni.
Zikipoa, zinajikokota. Umbea hauendi.
Sahani haipati habari kwamba inapaswa kusimama.

Mnato ulikuwa umeshuka chini ya moja ya tano.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akawasha pampu,
akanyonya heli yote, akasema:
sasa tupime pasipo na kitu.

Hata pale sahani ilipungua.
Polepole mno, robo ya mstari kwa robo ya mstari,
lakini ilipungua.
Huo ni uzi, alisema. Nao una uvivu wake.
Lazima tuutoe kwenye hesabu, tusije tukailaumu gesi
kwa kosa lisilo lake.

Alfajiri nilipita kando ya mfereji ulioganda,
watoto wameshafunga viatu vya barafu.
Kwa mwokaji Wopkema foleni ilikuwa ya watu wanne,
zamu yangu ikafika, na neno mkate
likanikwama midomoni, nzima nzima.

Toa joto, niliwaza. Toa foleni, toa macho yao.
Kinachobaki?

Wopkema hakunimalizia neno.
Aliweka mkono juu ya kaunta yenye unga
akangoja.